Niliuza Land Rover ya baba bila kumwambia

Asubuhi moja ya Januari 2025, Fuso lilisimama nje ya nyumba ya baba yangu, Old Shinyanga. Wakashuka vijana wanne na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Baba alikuwa amekaa chini ya mwarobaini, akauliza ni akina nani. Mkubwa wao akajibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Tumefuata ile skrepa. Binti yako tulishamalizana naye."

Binti mwenyewe ni mimi.

Wakati huo nilikuwa Katoro, mkoani Geita, napanga vitenge kwenye meza yangu ya biashara. Simu ikaita. Alikuwa mwanangu wa kwanza, aliyekuwa likizo kwa babu yake. Hakunisalimia. "Mama, kuna watu wanasema umewauzia gari la babu. Ni kweli?"

Nilikosa jibu. Ilikuwa kweli.

Nimeamua kuandika kisa hiki kwa sababu najua wazazi wengi wa umri wangu tuko mahali pamoja. Juu yetu kuna wazee, chini yetu kuna watoto, na sisi wa katikati ndio tunaoulizwa hela. Kwa kuwa ndio tunaolipa, tunajipa haki ya kuamua mambo ya wengine bila kuwauliza. Mimi nilifanya hivyo, na nusura nimpoteze baba na mtoto kwa mpigo mmoja.

Gari lenyewe

Baba alikuwa bwana shamba. Miaka yake mingi ya kazi aliimalizia kwenye pamba, akizunguka vijiji vya Shinyanga kuwafundisha wakulima kupanda kwa mistari, kupiga dawa, na kung'oa masalia baada ya mavuno ili wadudu wasivuke kwenda msimu unaofuata. Gari alilotumia kazini lilikuwa Land Rover 109. Lilipochoka likapigwa mnada mwaka 1989, naye akalinunua kwa akiba yake na ng'ombe wawili aliokopeshwa na kaka yake.

Kwa wasiolijua, hiyo 109 ni inchi. Ndio umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Land Rover za kwanza zilitoka Uingereza mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Chuma kilikuwa cha mgawo, hivyo bodi wakaiunda kwa alumini. Ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover ya miaka 50 bodi yake bado nzima, lakini chesi yake, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu. Ya baba ni ya toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kadi inasema ni ya mwaka 1975.

Sisi watoto hatukuzijua hizo namba. Tulichojua ni kwamba lilikuwa gari la mtaa mzima. Lilibeba maharusi, lilibeba misiba, lilibeba magunia ya mpunga. Usiku mtu akizidiwa, mwenye gari ndiye aliyegongewa dirisha. Mwaka 1991, wakati wa masika, mama alishikwa na uchungu usiku. Tulipokuwa njiani kwenda hospitali tukakuta kijito kimefurika, tukakwama. Mdogo wangu wa kiume akazaliwa humohumo garini, kwenye benchi la nyuma, bibi akiwa ameshika taa ya chemli.

Mdogo wangu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema gari liuzwe.

Sababu zetu

Simlaumu. Baba aliacha kuendesha mwaka 2015, macho yalipoanza kumsumbua. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na uoni ukishapotea haurudi. Dawa ya matone husaidia kulinda uliobaki. Sisi tulikuwa tumechelewa kumpeleka, kwa sababu hakulalamika na sisi hatukuuliza.

Gari likabaki chini ya mwarobaini. Matairi yakaisha upepo, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, na siku moja jirani akaua swila chini ya injini.

Mdogo wangu anaishi Mwanza, na hoja yake ilikuwa na maana. Pale lilipolala gari pangetosha vyumba viwili vya kupangisha, baba akapata kodi ya kununulia dawa zake. Tukapata mnunuzi wa chuma chakavu, akataja Sh900,000. Hakuvutiwa na chuma. Alivutiwa na ile bodi, kwa sababu alumini ina bei kuliko chuma, na kuna mafundi wanaoiyeyusha wakatengeneza masufuria.

Tulimgusia baba kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nimewasikia." Sisi tukahesabu kwamba amekubali.

Novemba 2024 biashara ilinibana. Nikapokea kwa simu kianzio cha Sh300,000 kutoka kwa yule mnunuzi. Sikumwambia baba, sikumwambia hata mdogo wangu. Nikaongezea mzigo wa vitenge. Nilijiambia nitamweleza baba ana kwa ana nikienda Krismasi. Krismasi ikafika, sikwenda.

Kijana wa mwaloni

Mwezi huohuo nilikuwa na moto mwingine nyumbani. Mwanangu, miaka 15, kidato cha pili, alikuwa ameanza kutoroka shule. Anayeishi Katoro, Nyarugusu au Rwamgasa ameshaiona hii. Mtoto anatoka asubuhi na sare, begi analificha kwa rafiki, anakwenda mwaloni, kule mawe yanaposagwa kwenye makarasha na udongo wa dhahabu kuoshwa. Jioni anarudi na Sh5,000, siku nyingine Sh10,000. Mimi siku mbaya sipati faida hiyo. Unamwambiaje kuhusu faida ya shule?

Niligundua nilipofua suruali yake. Mfukoni kulikuwa na kichupa chenye zebaki kidogo, ile inayotumika kunasa chembe za dhahabu. Vijana huichanganya kwa mikono mitupu, kisha huichoma moto ibaki dhahabu, na moshi wake wanauvuta. Ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu na figo, na madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Nilipatwa na hofu, nikamchapa. Nikamwambia maneno mengi, hasa hili: kwamba kilichoniuma zaidi ni kunificha.

Kumbukeni hilo neno, maana lilinirudia.

Kitu kimoja kilichokuwa kinamtuliza kijana huyu ni magari. Oktoba mwaka huo kulikuwa na tamasha la Land Rover jijini Arusha. Mamia ya Land Rover za kila umri, kuanzia za kitalii hadi zile zilizofungwa kwa waya, zilikusanyika zikaenda msafara mmoja. Video zikajaa kwenye simu. Mwanangu alizitazama kwenye simu yangu hadi bando likaisha. Usiku mmoja akaniuliza, "Mama, hii si kama ya babu?"

Nikamjibu, "Ya babu imeshakufa."

Shule zilipofungwa Desemba nikampandisha basi la Shinyanga. Lengo langu lilikuwa kumwondoa karibu na machimbo kwa wiki chache, basi. Gari sikulifikiria. Kichwani mwangu nilishaliuza.

Mmoja anaona, mwingine anasikia

Haya yaliyofuata nilisimuliwa baadaye.

Siku ya kwanza kijana alifungua boneti, akatafuta betri ya kuazima ili apige stata. Babu yake akamzuia. "Injini iliyolala miaka tisa haiamshwi kwa kofi," alimwambia. Akamwelekeza atoe plagi zote nne, amimine oili kidogo kwenye kila silinda, kisha aiache siku mbili ili ringi za pistoni zilainike. Baada ya hapo achukue hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele, aizungushe taratibu bila nguvu.

Baba alikaa kwenye kigoda karibu na bampa, kiganja chake kikiwa juu ya injini. Jicho lake la kushoto ni giza. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Lakini kwa kiganja alijua injini inapogoma na inapoachia.

Kazi yao ikawa hivyo kila siku. Mtoto anasoma maandishi madogo kwenye spea kwa sauti, babu anamwambia kinachofuata. Walimwaga petroli iliyooza tangini, wakaosha kabureta, wakasugua platini kwa msasa, wakatoa viota vya panya kwenye nyaya. Akamfundisha mti wa gia wenye kichwa chekundu ni wa mlima na matope, na kile kitufe cha njano ukikibonyeza tairi za mbele nazo zinavuta. Mwanangu alinisimulia kitu kimoja ambacho alikiona cha ajabu: "Babu hasemi kaza mpaka mwisho. Anasema kaza mpaka usikie."

Wanaume wa mtaani walipoona boneti liko wazi wakaanza kuja. Mwalimu mstaafu mwenye Peugeot 504 alikuja mara ya kwanza kuangalia tu, mara ya pili akaja na sanduku la spana. Mzee aliyekuwa akisomba pamba kwa Bedford kupeleka viwanda vya kuchambulia akaleta koili ya zamani aliyokuwa ameihifadhi kwenye kopo la maziwa. Hakuna aliyetaja bei. Mwenye gari la zamani anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayekwama, na duka la spea za gari lake haliko karibu.

Injini iliwaka siku ya pili ya mwaka mpya. Hawakunipigia simu. Walikuwa wamepanga kunishangaza: nikishuka stendi ya Shinyanga, nikute Land Rover imekuja kunipokea.

Badala yake likaja Fuso.

Laki tatu

Nilipanda basi siku hiyohiyo kupitia Kahama, nikafika usiku. Wale vijana walikuwa wameondoka bila gari. Baba hakuwafokea, aliwaomba tu warudi siku ambayo binti yake yupo.

Nilimkuta bado amekaa nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mayu." Huniita hivyo, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia sina njaa. Akaniambia nile kwanza.

Nilipomaliza akaniuliza, "Walikupa shilingi ngapi?"

"Laki tatu."

"Ziko wapi?"

"Kwenye mzigo, baba."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ungeniambia una shida ya laki tatu ningeuza ng'ombe. Ng'ombe anazaliwa mwingine." Akanyamaza tena. "Sina hasira kwa ajili ya gari. Gari nitaliacha, na wala siku hiyo haiko mbali. Nina hasira kwa sababu mmeanza kunigawana ningali hai. Nimepoteza macho, mkadhani na sauti nimepoteza."

Nikamkumbusha kwamba tulimuuliza, naye akasema amewasikia.

"Kusikia ni kukubali?"

Sikuwa na la kusema. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akaipokea. Mwanangu je? Alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilipomsogelea akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama: "Mama, ulinichapa kwa sababu nilikuficha. Na wewe je?"

Wazazi wenzangu, kuna maswali ya watoto ambayo ukiyajibu kwa ukali unakuwa umemjibu vibaya maisha yake yote. Nilimwambia, "Nimekosa. Nilimficha babu yako, nikakuficha na wewe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mwanangu msamaha. Hakunikumbatia, wala hakusema amesamehe. Aliondoka akaenda kulala. Siku tatu zilizofuata alinijibu ndiyo na hapana tu.

Mnunuzi alirudishiwa laki tatu yake, na Sh80,000 za mafuta ya Fuso, kwa haki kabisa, maana yeye hakukosea kitu. Nilizipata kwa kuuza vitenge kwa bei ya hasara.

Betri

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi nzuri. Lakini sitaki kuwadanganya.

Kijana alirudi Katoro shule zilipofunguliwa. Matokeo ya kidato cha pili yalikuwa yametoka, amepita kwa kuponea. Januari na Februari alikwenda shule bila kukosa. Machi, mwalimu wake wa darasa akanipigia simu: siku mbili hajaonekana.

Nilimfuata mwaloni mwenyewe. Nilimkuta amejaa tope hadi magotini. Safari hii sikumchapa. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Hela ya betri. Ile tuliyowashia ni ya kuazima, mwenyewe kaichukua."

Betri mpya ilikuwa Sh180,000. Mwanangu alikuwa amerudi kwenye zebaki kwa ajili ya gari la babu yake, kitu kilekile nilichodhani kimemwokoa.

Usiku ule tuliongea mimi, yeye, na baba kwenye simu yenye sauti ya juu. Baba akaweka sheria, na tunaifuata hadi leo. Spea hununuliwa na watu wazima. Mtoto kazi yake ni mikono na kichwa. Hakuna spea inayonunuliwa kabla michango ya shule na dawa za macho hazijalipwa. Na mwezi ambao kijana amekosa shule hata siku moja bila sababu, boneti halifunguliwi likizo inayofuata. "Gari lilisubiri miaka tisa," baba alisema, "litasubiri na miezi mitatu."

Betri tuliinunua Aprili, nusu mimi, nusu mdogo wangu. Ndiyo, mdogo wangu. Alikuja Pasaka akiwa bado na hasira, akisema tunachoma hela kwenye chuma. Baba akamwomba apande nyuma, akae kwenye benchi. Akamwambia, "Hapo ndipo ulipozaliwa. Mama yako alikushika hapo mpaka maji yalipopungua." Alikuwa ameshasikia hadithi hiyo mara nyingi, lakini nadhani hakuwahi kukaa pale akiwa mtu mzima. Alikaa muda. Aliposhuka hakusema kitu, akatoa simu akauliza namba ya kulipia betri ni ipi.

Bado anataka vyumba, na ana haki. Tumeafikiana: gari lilisogezwa mita kumi upande wa uzio, na msingi wa chumba kimoja umeshachimbwa.

Gharama kwa ukweli

Najua mtauliza hela, nami ningeuliza. Hadi sasa tumetumia hivi: betri Sh180,000, matairi manne ya mtumba Sh280,000, silinda na mipira ya breki Sh150,000, kuchomelea chesi mahali ilipoliwa na kutu Sh250,000, oili, plagi na platini Sh110,000, kusafisha tangi na kubadili mabomba ya mafuta Sh60,000. Jumla ni Sh1,030,000, kwa zaidi ya nusu mwaka, tukigawana watu watatu. Hapo sijataja bima. Na likitembea halipiti kilomita saba kwa lita moja.

Kwa hiyo sisemi kila mwenye gari bovu chini ya mti alifufue. Kuna familia ambazo hiyo milioni ni paa la nyumba au matibabu, na kuuza ni uamuzi sahihi. Ninachosema ni kwamba auze mwenye gari, na aulizwe akiwa ameketi nanyi, si kwenye simu yenye haraka.

Nyongeza kwa wenye vijana: mtoto asilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka magogo imara au stendi, kwa sababu jeki huteleza. Na kijana wangu hajaendesha barabarani, wala hataendesha hadi afikishe miaka 18 na kupata leseni. Kutengeneza ni ruhusa, kuendesha bado.

Magari matano

Likizo ya Juni wale wazee wakasema wakutanishe magari yao. Hawakuita tamasha. Walikubaliana tu Jumamosi, kiwanjani, kila mtu aje na lake kama litafika. Yakaja matano: Land Rover yetu, Peugeot 504 ya mwalimu, lile Bedford, pikapu ndogo ya Datsun, na Land Rover nyingine kutoka Maganzo, kule jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Datsun ililetwa kwa kamba. Hapo utani ukaanza, kwamba sisi Wasukuma kusukuma tumepewa hata kwenye jina.

Nilitarajia kuona wazee wakijisifu. Walijisifu, ni kweli. Mwalimu alituhakikishia mara tatu kwamba Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, na ikashinda tena 1978. Akawaeleza watoto kwamba mbio hizo zilianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na zilipita Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanganyika. Akasema Nairobi wana maonyesho ya magari yanayotunzwa vizuri tangu 1970, na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yametunza magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. "Kwa hiyo msituone wehu," alimalizia.

Lakini muda mwingi walikuwa wanafundisha. Mzee wa Bedford aliwaonyesha vijana jinsi ya kusikiliza beringi kwa kuweka bisibisi ndefu sikioni. Mwenye Land Rover ya Maganzo alimpa mwanangu silinda ya breki aliyoitoa kwenye gari lililokufa, akamwonyesha jinsi ya kuifungua na kuisafisha. Baba akawasimulia miaka ya uhaba wa mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana magari binafsi marufuku barabarani, na jinsi walivyofunga mitambo kwa mpira wa ndani wa baiskeli kwa kuwa spea hazikuwepo. Watoto walicheka hawaamini. Nilihesabu wavulana kumi na wawili na wasichana watatu wamelizunguka boneti, na hakuna aliyekuwa ameshika simu isipokuwa kupiga picha.

Niliona pia jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka tisa: watu wakimuuliza baba maswali. Nyumbani sisi tulikuwa tunamuuliza mawili tu, "Umekula?" na "Umeweka dawa?" Pale aliulizwa kuhusu vilima, kuhusu madaraja, kuhusu gia, na majibu yote alikuwa nayo.

Jioni fundi mwenye leseni alituendesha kidogo kwenye barabara ya Maganzo. Baba mbele, mimi katikati, mwanangu nyuma amejiinamisha kati ya mabega yetu. Pembeni kulikuwa na mashamba.

"Pamba imepasuka?" baba akauliza.

"Imepasuka, babu. Nyeupe kabisa."

"Wamepanda kwa mistari?"

Mwanangu akachungulia nje kwa makini, kichwa nje ya dirisha, kama mtu aliyetumwa kazi ya serikali.

"Hawa wamepanda kwa mistari. Wale wa kule hapana."

Baba akasonya. "Simamisha gari," akamwambia fundi. "Huyo wa kule ni wa nani? Twende tukamsalimie."